Bure ya Kraki na Bure ya Huria: Yaliyonikuta Steshenari

Steshenari yangu iko Ngamiani, Tanga, kwenye moja ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Nina kompyuta mbili, printa ya leza, mashine ya kutolea kopi, na benchi la wateja ambalo muda mwingi linakaliwa na watu wasio na kitu cha kuchapa. Kwa miaka mingi programu zote mle ndani zilikuwa za bure kwa maana ya mtaani. Fundi anakuja na flashi, anapiga Windows, anaweka programu ya kuandikia, ya kutengeneza kadi, ya kuhariri picha, halafu anafungua kifaili kidogo cha kraki, cha kuvunjia leseni, na kukwambia, "Dada, zima antivairasi kwanza."

Maneno hayo yangetosha kunishtua. Sikushtuka, nikamlipa hela yake akaondoka.

Kilichonishtua kilikuja wiki ya mitihani ya majaribio. Mwalimu mmoja alikuwa ameniletea masomo matano kwa mwandiko wa mkono, nimeyachapa kwa siku tatu. Asubuhi ya kuyatoa nikafungua folda, kila faili limeongezewa herufi za ajabu mwishoni mwa jina na halifunguki. Katikati yao kuna barua ya Kiingereza inayotaka nilipe kwa dola ndipo nirudishiwe kazi yangu. Mwalimu kasimama kaunta, bodaboda yake inamsubiri nje injini ikiwaka. Nikamweleza. Akatoka, akamlipa yule kijana aende zake, akarudi akavuta kiti. "Haya mwanangu, mimi nasoma, wewe piga." Tulimaliza saa nane ya usiku. Hisabati peke yake ilinusurika, na ni kwa sababu nilikuwa nimeshatoa nakala moja ya karatasi kwa ajili ya kusahihisha.

Sikulipa hata senti ya dola zile, ila picha za harusi tatu na barua za wateja wa miaka miwili zilikwenda na maji. Tangu siku hiyo nimeanza kutafuta bure ya aina nyingine, na ndiyo ninayotaka kuwaeleza, hasa ninyi mnaofungua vibanda vya kuchapa.

Sisi tuna bahati ya maneno mawili. Waingereza wana neno moja tu la kitu kisicholipiwa na kitu kilicho huru, kwa hiyo kila siku inawabidi waeleze wanamaanisha lipi. Kwetu kuna bure, na kuna huria. Programu huria ni ile ambayo walioiandika wameacha msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda, wazi, na leseni yake inakuruhusu kuitumia kwa kazi yoyote, kuinakili, kuibadilisha na kumpa jirani. Jambo hili lina miaka: Mmarekani Richard Stallman, mtaalamu wa kompyuta, alitangaza mradi wa programu huria wa GNU mwaka 1983, na taasisi ya kuutetea ikafuata mwaka 1985. Hata kwetu si geni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutafsiri OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi, kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Wengi wetu hatukuisikia kwa sababu fundi alikuwa ameshafika na flashi yake.

Tofauti hii ina maana kubwa kwa mwenye biashara. Zipo programu nyingi zilizoandikwa ni bure, ukisoma leseni unakuta bure ni kwa matumizi ya nyumbani. Ukiwa na kaunta na wateja, wewe si nyumbani. Programu huria haikuulizi hilo.

Kwenye kuandika nilihamia LibreOffice, iliyozaliwa mwaka 2010 kutoka ukoo wa ile ile OpenOffice. Wiki mbili za kwanza nililaani. Mteja analeta wasifu wake uliopangwa kwa jedwali na visanduku vya maandishi, nikiufungua kisanduku kimetembea, picha imekaa juu ya jina. Sasa nina utaratibu. Kama ni kuprinti tu, namwomba PDF. Akiwa nayo kwenye simu anairusha, tunamaliza. Kama kuna kusahihisha, nafungua faili la docx, narekebisha, nalihifadhi kama docx vile vile ili asihangaike huko anakokwenda. Na wale wanaopanga mistari kwa kubonyeza nafasi mara arobaini nawaonyesha tabo, bure kabisa, kwa faida ya moyo wangu.

Kuna jambo moja la LibreOffice ambalo hakuna aliyeniambia nikaligundua mwenyewe: ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Unapoisakinisha usikubali tu kila kitu harakaharaka. Chagua njia ya kujipangia, shuka mpaka kwenye orodha ya kamusi, weka tiki kwenye Swahili. Kisha kwenye waraka wako chagua lugha iwe Kiswahili cha Tanzania. Ule msitu wa mistari myekundu chini ya kila neno unaondoka, unabaki kwenye makosa yenyewe. Kamusi haina kila neno, lakini "mkurungezi" inamkamata.

Kompyuta yangu ya pili ni kuukuu. Windows 10 ilipofikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, mashine ile haikuwa na sifa za kupokea Windows 11. Nikaiwekea Linux Mint, mfumo huria unaokaa mahali pa Windows. Huko hakuna fonti ya Calibri ya Microsoft, ila LibreOffice huja na Carlito, ambayo herufi zake zina upana ule ule, kwa hiyo kurasa hazihami. Printa yangu iliitambua yenyewe. Skana ilinisumbua siku nzima, sitawadanganya.

Na kadi za harusi? Nachora kwa Inkscape, na naipenda, lakini lipo fundisho nililolilipia. Nilipeleka kadi 200 kwenye mtambo wa kuchapia, zambarau niliyoiona kwenye kioo ikarudi imekuwa rangi ya bilinganya iliyolala. Inkscape hufanya kazi kwa rangi za kioo, mtambo unataka rangi za wino. Sasa nikimaliza mchoro nauhamishia Scribus, ambayo ni huria pia na inazijua rangi za wino, na PDF ya mtambo inatokea hapo. Mama wa bibi harusi hakunidai, ila aliniangalia.

Mtu ananiuliza, wewe unazipataje hizi? Kwanza, sitafuti "programu za bure". Ukiandika hivyo unaletewa takataka zote za dunia. Natafuta kazi yenyewe, kisha mbele yake naongeza open source, yaani msimbo wazi, kwa Kiingereza hivyo hivyo, maana ndiko mambo mengi yalikoandikwa. Pili, nikishapata jina natafuta nyumba yake. VLC, programu ya kuchezea video, kwa mfano, ilitokana na kazi ya wanafunzi wa chuo cha École Centrale huko Paris iliyoanza mwaka 1996, na nyumba yake ni videolan.org. Lakini ukiitafuta unaweza kukuta tangazo limekaa juu ya nyumba yenyewe, lina kitufe kikubwa cha kijani cha kupakua, na ukibonyeza unapata VLC pamoja na wageni watatu usiowaalika. Kitufe kikiwa kikubwa mno, mimi naondoka.

Tatu, kwa vitu vikubwa nahakiki faili. Februari 2016 tovuti yenyewe ya Linux Mint iliingiliwa, wadukuzi wakaelekeza watu kwenye faili lenye mlango wa nyuma wa kuwaingizia kwenye kompyuta ya mtu. Wenye mradi walitangaza wenyewe haraka, na aliyelinganisha alama ya faili (msururu wa herufi na namba unaokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe) na ile iliyotolewa na mradi aliweza kuona hazifanani. Kwenye Windows si kazi: fungua kile kidirisha cheusi cha amri, andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Inatoka mistari ya herufi na namba, unailinganisha na iliyo kwenye tovuti ya mradi. Kwa Linux Mint, ambayo ni karibu GB 3, utakuwa umeshalichoma bando lako. Dakika mbili za kuhakiki usizionee uchungu.

Wenye simu tu hawajaachwa. Iko F-Droid, duka la programu huria za Android, na ramani za OsmAnd unazipakua mara moja ukazitumia bila bando. Wanafunzi nawaelekeza kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kuna vitabu vya kiada mle. Anayetaka Sheria ya Ndoa ya 1971 asinunue kopi iliyofifia kwa mtu, aifungue TanzLII, tovuti ya sheria za Tanzania.

Ila ukiniuliza ni ipi iliyonilipa gharama zote, nitakupeleka kwa babu mmoja. Tanga ndiyo ya vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, na hapa mtaani hukosi mzee aliyewahi kushika fidla au kutunga. Huyu alikuja na bahasha ya kaki.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Nina mashairi yangu hapa, nataka kijitabu."

Kurasa 62 za taipureta, wino umefifia, nyingine zimeliwa pembeni na mende. Kuzichapa zote upya angelipa nini, na mimi ningemaliza lini? Nikatafuta, nikakuta Tesseract, programu ya kusoma maandishi kwenye picha. Ilianza kutengenezwa Hewlett-Packard miaka ya 1980, msimbo wake ukafunguliwa mwaka 2005, na Kiswahili imo kwenye lugha inazosoma. Yenyewe haina madirisha ya kubonyeza, kwa hiyo nikaitumia kupitia NAPS2, ambayo inaendesha skana, inasoma, na kutoa PDF unayoweza kunakili maandishi yake. Skani kwa dpi 300, chagua Kiswahili, subiri.

Kurasa safi zilitoka vizuri kuliko nilivyotegemea. Zile zilizofifia, kila "m" ya taipureta ilisomwa kama "r" na "n", basi mashairi yote ya mapenzi yakawa na rnoyo na rnahaba. Hizo nilizibadilisha kwa mkupuo mmoja ndani ya LibreOffice. Mbaya zaidi kiligeuka kistari cha "ng'", mara nukta, mara hakuna kabisa, na hapo ilibidi nisome mstari kwa mstari na karatasi ya babu pembeni. Siku nne badala ya wiki tatu.

Alipokuja kuchukua vijitabu vyake alikaa kwenye benchi, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti ya chini, kidole kikipiga mapigo kwenye goti. Ukurasa wa 14 akasimama.

"Mjukuu, hili neno rnvua ndiyo nini?"