Kuchagua Kifaa cha Kutafutia Samaki kwa Boti Ndogo Tanga: Tazama Kihisi Kabla ya Kioo

Mtu anayetaka kununua kifaa cha kutafutia samaki kwa ajili ya boti yake ya matembezi hapa Tanga mara nyingi huanza kwa kuuliza bei na ukubwa wa kioo. Ushauri wangu ni kwamba aanze kwingine: ajiulize anavua katika maji ya kina gani, na boti yake imetengenezwa kwa kitu gani. Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua kihisi kipi kitamfaa, yaani kile kipande kinachokaa majini, kikatoa sauti na kuipokea ikirudi. Kihisi ndicho kifaa chenyewe, kwa kuwa kioo hakiwezi kuonyesha kitu ambacho kihisi hakikukisikia. Nimetumia vifaa vya namna kadhaa ndani ya ghuba yetu na nje ya miamba, nimewasaidia jamaa kufunga vya kwao, na kila mara nimeona fedha iliyowekwa kwenye kihisi na kwenye ufungaji ikileta faida kuliko iliyowekwa kwenye inchi za kioo.

Utendaji wake si mgumu kuuelewa. Sauti husafiri majini kwa kasi ya takribani mita 1,500 kwa sekunde. Kifaa hutoa mlio, hupima muda unaopita mpaka mwangwi urudi, huuzidisha kwa kasi hiyo, hugawa kwa mbili na kupata kina. Kampuni ya Furuno ya Japani ilianza kuuza vifaa vya namna hii mwaka 1948, na msingi wake haujabadilika tangu wakati huo. Kinachorudisha sauti kwa nguvu katika mwili wa samaki ni kibofu chake cha hewa. Changu na chewa wanacho, papa na taa hawana, kwa hiyo usishangae papa akionekana hafifu kuliko ukubwa wake unavyostahili.

Sasa tazama maji yetu. Ndani ya ghuba, kuanzia Ras Kazone kuzunguka Kisiwa cha Toten hadi upande wa Yambe, maji ni ya kina kidogo, na boti ndogo nyingi haziendi mbali zaidi ya hapo. Ukivuka miamba ya nje, hali hubadilika ghafla: sakafu inaporomoka kuelekea Mkondo wa Pemba, ambao katikati yake kina hufikia takribani mita 800. Mtu anayevua changu ndani ya ghuba na mtu anayefuata jodari na nguru mkondoni wanahitaji vihisi tofauti, hata kama boti zao zinafanana kama pacha.

Tofauti hiyo inatokana na masafa ya sauti, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde. Masafa ya juu, kama kilohezi 200, hutoa picha safi lakini nguvu yake huisha mapema kina kinapoongezeka. Masafa ya chini, kama kilohezi 50, hufika mbali ila picha yake ni nzito na haitenganishi samaki walio karibu karibu. Kwa mvuvi wa ghubani, kilohezi 200 zinatosha kabisa. Anayetoka nje ya miamba achukue kihisi chenye masafa yote mawili, na ikiwezekana chenye teknolojia ya CHIRP, ambayo haitumi mlio wa sauti moja tu bali hupita katika safu ya masafa kwa mfululizo, na hivyo kutenganisha vizuri samaki mmoja na mwenzake, au samaki na mwamba aliouegemea. Kama fedha inaruhusu kuongeza jambo moja tu, liwe hilo.

Jambo linalosahaulika zaidi, na ambalo kwa pwani yetu naliona kubwa kuliko mengine, ni upana wa koni ya sauti, yaani umbo ambalo sauti hulichukua ikitoka kwenye kihisi na kupanuka kadiri inavyoshuka. Koni ya nyuzi 20, katika maji ya mita 10, inaona duara lenye upana wa mita tatu na nusu tu. Katika mita 60 inaona kama mita 21. Koni ya nyuzi 45 katika kina hichohicho cha mita 60 inaona karibu mita 50. Mnunuzi akisikia hivyo hukimbilia koni pana, akiamini kwamba anayeona eneo kubwa ataona samaki wengi. Hilo ni kweli juu ya sakafu iliyo tambarare. Lakini samaki wetu wazuri, chewa hasa, hukaa kwenye miteremko ya miamba, na hapo koni pana inakudanganya. Sauti inapotua kwenye mteremko, sehemu ya juu ya mteremko hujibu kwanza kwa sababu ndiyo iliyo karibu, na kifaa huchora hapo kuwa ndipo chini ya bahari. Chewa aliyetulia upande wa chini, ndani ya koni hiyohiyo, hujibu baadaye, basi huchorwa chini ya mstari wa sakafu na kupotea ndani ya rangi ya mwamba. Kadiri koni inavyokuwa pana, ndivyo eneo hilo lisiloonekana linavyoongezeka. Ndiyo maana nikifika kwenye ukingo wa mwamba hutumia koni nyembamba na kupita taratibu mara kadhaa, na koni pana naiacha kwa ajili ya kutafuta makundi katikati ya maji.

Kuhusu wati, kuwa mwangalifu na namba za kwenye boksi. Wauzaji wengine huandika nguvu ya kilele hadi kilele (peak-to-peak) na wengine nguvu halisi (RMS), na ya kilele huwa mara nane ya ile halisi. Kifaa cha wati 4,000 za kilele ni sawa na cha wati 500 halisi. Linganisha namba za aina moja. Ghubani wati 200 au 300 halisi zinatosha. Kwa mkondo anzia 500, na anayetaka kuona sakafu mamia ya mita chini atahitaji zaidi ya hapo.

Zipo pia sona, yaani vifaa vya kuona kwa sauti, zinazotazama pembeni na zile zinazochora picha ya chini inayofanana na picha ya kamera. Ni nzuri kwa kutafuta mawe na mabaki ya vyombo katika maji tulivu ya kina kifupi. Ila hutumia masafa ya juu sana, kwa hiyo nje ya miamba hazifiki mbali, na msimu wa kusi boti ikiyumba picha ya pembeni huvurugika. Kwa mtu wa ghubani ni nyongeza ya kufurahisha. Kwa mtu wa mkondoni naona ni gharama isiyo na mrejesho.

Ufungaji ndio unaoharibu vifaa vingi vizuri. Adui wa kihisi ni mapovu ya hewa, kwa kuwa sauti haipiti hewani kama inavyopita majini. Kwa boti ya faiba yenye mashine ya nje, kihisi hufungwa tezini, kikae angalau sentimita 40 kutoka kwenye propela, upande ambao mapanga ya propela yanashuka. Mashine nyingi zikitazamwa kutoka nyuma huzungusha propela kwa mwelekeo wa saa, na hapo upande huo ni wa kulia. Uso wake ushuke kidogo tu chini ya ukingo wa bodi, na mbele yake pasiwe na mbavu wala tundu la kutolea maji. Usitoboe bodi moja kwa moja. Bandika kwanza ubao wa plastiki kwa gundi ya baharini, kisha skurubu za kihisi ziingie kwenye ubao huo, ili ukihitaji kukipandisha au kukishusha usiache matundu ya kupitisha maji.

Kwa boti ya faiba isiyo na tabaka la povu ndani, kihisi kinaweza pia kukaa ndani ya boti na kupiga sauti kupitia bodi. Kabla ya kugundisha, jaza maji kwenye mfuko wa plastiki, ukandamize kwenye bodi iliyolowa mahali unapopafikiria, tumbukiza kihisi ndani ya mfuko na usome kina. Kisha kishushe kihisi pembeni mwa boti majini na ulinganishe. Namba zikikaribiana na picha isififie sana, mahali hapo panafaa. Bodi ya mbao haipitishi sauti kwa namna hiyo. Mwenye boti ya mbao anayetaka kihisi cha kupenya bodi, yaani kinachopitishwa kwenye tundu la bodi, achague cha shaba nyeusi, asichukue cha plastiki, kwa sababu mbao zikivimba majini zinaweza kukipasua.

Umeme nautaja kwa ufupi: vuta waya wake peke yake moja kwa moja kutoka kwenye betri, weka fyuzi karibu na betri, na waya wa kihisi usilale sambamba na nyaya za mashine. Ukiwa mrefu, ukunje, usiukate. Kwa kioo, kitu cha kupima ni mwanga wake juani wala si inchi, na kitazame ukiwa umevaa miwani yako ya jua kabla hujalipia, maana baadhi ya vioo huwa vyeusi kabisa kwa baadhi ya miwani hiyo.

Kifaa chenye GPS nakipendekeza sana. Nahodha mmoja mzee wa upande wa Kigombe alinipeleka kwenye miamba anayoifahamu kwa kulinganisha alama za nchi kavu, nikawa naziingiza alama hizo kwenye kifaa moja baada ya nyingine. Tulipofika juu ya mwamba mmoja alishusha mshipi wenye chubwi, akasema, "Pima kumi na mbili, mwanangu, na chini ni mawe." Kioo kilisoma mita 22, ambazo ndizo pima kumi na mbili, na chini ya mstari mnene wa sakafu palikuwa na mstari wa pili kwenye mita 44, ambao ni mwangwi uliogonga mawe, ukapanda hadi juu ya maji na kurudi tena. Kwenye tope mstari huo wa pili mara nyingi hauonekani. Alichokihisi mzee kidoleni ndicho kilichochorwa mbele yangu. Ukihifadhi alama za namna hii, andika pia hali ya maji, kwani wakati wa bamvua bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Weka pia mipaka ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009, na upate kibali kabla ya kuvua humo.

Baada ya kukifunga, zima alama za samaki wa kuchorwa. Kifaa hukisia, na pande la mwani nalo hulifanya samaki. Soma mwangwi wenyewe. Ukingo wa kulia ndio unaoonyesha sasa, vingine vyote umeshavipita. Samaki anayepita ndani ya koni boti ikitembea hujichora kama upinde, na ukiwa umetia nanga samaki yuleyule akitulia chini yako hujichora kama mstari mrefu.

Wakati wa kununua, fungua boksi uhakikishe kihisi kimo, kwa kuwa baadhi huuzwa bila hicho. Kila ukirudi, suuza kihisi kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na uondoe utelezi kwa kitambaa laini na sabuni. Petroli na tina (kiyeyushi cha rangi) zisikiguse. Boti inayolala majini ipakwe kwenye kihisi rangi ya kuzuia viumbe iliyotengenezwa kwa maji, tabaka jembamba, maana rangi yenye tina hula plastiki yake.