Maswali ya Wasomaji: Panya wasio na protini ya kushika zinki

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha baiolojia katika shule ya sekondari. Nimesoma kwamba panya walioondolewa jeni ya protini inayoshika zinki hupungukiwa na madini hayo ubongoni. Je, hupoteza kumbukumbu? Na je, vidonge vya zinki hunoa akili? Mwalimu, Morogoro.

JIBU: Mwalimu, protini unayoitaja ni metalothioneini ya tatu, iliyoelezwa na watafiti wa Japani mwaka 1991 katika uchunguzi wao wa ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer, maradhi ya uzeeni yanayofuta kumbukumbu. Ni mnyororo mfupi wa asidi amino 68, ambazo 20 kati yake ni sisteini, na salfa iliyomo katika sisteini hizo ndiyo inayoshika ayoni saba za zinki.

Mwaka 1997 maabara ya Richard Palmiter, huko Seattle, Marekani, ilitoa taarifa za panya waliozaliwa bila jeni hiyo. Zinki ilipungua kweli katika sehemu kadhaa za ubongo wao, lakini walipotiwa katika birika la maji watafute jukwaa lililofichwa, walijifunza kama wenzao, na hata walipotimiza miaka miwili, ambao kwa panya ni uzee, hawakuonyesha kasoro. Tofauti ilijitokeza walipodungwa asidi ya kainiki, ambayo huamsha degedege: walishikwa kwa urahisi zaidi, na seli za neva za eneo mojawapo la hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ziliumia zaidi, ilhali seli hizo kwa panya walioongezewa protini hiyo zilistahimili zaidi.

Hata hivyo, tusiharakishe kuiita mlinzi, kwani zinki ikifunguliwa kwa wingi ndani ya seli ya neva inaweza kuidhuru. Ubongo una fungu jingine la zinki, lililo katika vifuko vya ncha za neva na kupakiwa humo na protini iitwayo ZnT3. Panya wasio na ZnT3 hawana zinki hiyo ya vifukoni, lakini baada ya degedege zinki huonekana imerundikana katika seli zao zinazokufa, jambo linaloelekeza kwamba nyingine hufunguliwa ndani ya seli zenyewe, na metalothioneini ni ghala linaloshukiwa kuiachia. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye uzito: kipimo cha jumla hakituambii zinki ipo wapi wala imeshikwa na nini.

Kuhusu vidonge, majaribio haya yaligusa jeni na hayakupima lishe. Aliyethibitika kupungukiwa na zinki atibiwe. Asiyepungukiwa akizidisha kwa muda mrefu, mwili wake hushindwa kufyonza shaba ya kutosha.