Gari la Mzee na Thamani Yake: Maswali ya Wasomaji kuhusu Bima

Swali: Mhariri, marehemu baba yangu aliniachia Peugeot 504 ya mwaka 1974, gari ambalo nimelitunza kwa miaka 11, nikalipaka rangi upya na kulifanyia ukarabati wa injini. Mwaka huu nililikatia bima ya komprehensivu, ile inayolipia hata gari langu lenyewe, kwa shilingi 1,200,000, kiasi kilichotoka kwenye ripoti ya mthamini ambaye kampuni yenyewe ilinituma kwake. Mwezi Machi lori liliingia barabara kuu bila kusimama, likanigonga ubavuni. Mkaguzi wa kampuni amekadiria matengenezo kuwa shilingi 780,000. Kampuni inasema gari limepata hasara kamili, kwamba bei yake sokoni ni shilingi 450,000, na kwamba italichukua gari lenyewe. Nimeletewa hati ya kukubali malipo. Je, nitie sahihi? – *Msomaji, Lang'ata*

Jibu: Pole sana kwa ajali, na ninashukuru kwamba uko salama. Usitie sahihi bado. Hati ya namna hiyo kwa kawaida husema kwamba umepokea malipo kamili na ya mwisho, na ukishaikubali utakuwa umejifungia mlango wa kudai zaidi.

Anza na karatasi ya mkataba inayotaja gari lako, kiasi cha bima na masharti maalumu. Tafuta humo maneno "thamani iliyokubaliwa". Yakiwemo, kampuni ilikubaliana nawe bei kabla ya ajali na haina nafasi ya kuipunguza baada ya hasara kutokea. Yasipokuwemo, kama ilivyo katika mikataba mingi ya kawaida, ile 1,200,000 ni kikomo tu cha malipo: kampuni hulipa kiasi hicho au bei ya gari sokoni siku ya ajali, chochote kilicho kidogo. Wenye magari wengi hawaambiwi jambo hili wanapolipa ada, nami naliona kuwa kosa kubwa, kwa sababu mwenye gari huondoka ofisini akiamini kwamba amenunua ahadi ya kulipwa 1,200,000.

Hata hivyo, kulipwa bei ya soko hakumaanishi kwamba kampuni hujipangia bei hiyo peke yake. Muulize mkaguzi, kwa barua, alifikaje kwenye 450,000. Mara nyingi mtu huchukua bei ya gari lilipokuwa jipya, au ya gari linalofanana nalo kwenye yadi, akapunguza asilimia fulani kwa kila mwaka wa umri. Hesabu hiyo inafaa kwa gari la miaka 7 lililoagizwa kutoka Japani, lakini kwa gari la mwaka 1974 haina maana, kwa kuwa gari la kale lililotunzwa vizuri huacha kushuka bei na laweza kupanda. Kumbuka pia kwamba magari yaliyotumika yanayoingizwa Kenya hayaruhusiwi kuwa na umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hiyo huwezi kupokea fidia ukaagiza 504 nyingine kutoka Ufaransa kama mtu anavyoagiza gari la kawaida. Zilizopo hapa ndizo zilizopo. Gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975, likashinda tena mwaka 1978, lina watu wanaolitafuta hadi leo, na hao ndio soko lako, wala si yadi za Barabara ya Ngong.

Ushahidi wako wenye nguvu zaidi tayari uko ndani ya faili lao. Mthamini waliyemchagua wao wenyewe alisema 1,200,000, nao wakatoza ada kwa kiasi hicho. Waulize ni nini kilichotokea kati ya siku ile na siku ya ajali hata gari lipoteze zaidi ya nusu ya thamani yake. Ambatisha risiti za vipuri na za mafundi, hata zile za mkono kutoka maduka ya vipuri ya Grogan mradi zina tarehe, picha za gari kabla ya ajali, na bei ambazo magari ya aina hiyo yaliyo katika hali hiyo yameuzwa hapa nchini. Kisha mlipe mkaguzi wa kujitegemea aandike ripoti ya pili. Ni gharama, lakini ukilinganisha na tofauti ya shilingi 750,000 unayoipigania, si kubwa.

Tazama jambo moja zaidi, kwa maana linaweza kubadilisha kesi nzima. Ikiwa gari ni la 450,000, matengenezo ya 780,000 yanazidi thamani yake na hasara ni kamili bila ubishi. Ikiwa ni la 1,200,000, matengenezo ni asilimia 65 ya thamani, na swali linakuwa kama mkataba wako unahesabu asilimia 65 kuwa hasara kamili au la. Kampuni nyingine huweka mpaka kwenye nusu ya thamani, nyingine juu zaidi. Soma mkataba wako, kwa kuwa kuna uwezekano kwamba unastahili kutengenezewa gari badala ya kunyang'anywa.

Kuhusu gari lenyewe, kampuni ikilipa hasara kamili, mabaki huwa yake na umiliki huhamishwa kupitia NTSA, mamlaka ya serikali inayosajili magari. Lakini unaweza kuomba kubaki nayo, thamani yake ikatwe kwenye malipo. Tuseme mmekubaliana gari ni la 1,000,000, mabaki yana thamani ya 150,000, na sehemu ya hasara unayojibebea kwa mujibu wa mkataba ni 25,000: utalipwa 825,000 na gari litabaki lako. Omba hivyo mapema na kwa maandishi, kabla halijapelekwa mnadani, maana kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu hayo ni mabaki tu, lakini wewe unajua milango, dashibodi na mapambo ya kromu ya gari hilo hayapatikani kila siku. Hadi mtakapoelewana, usiruhusu gereji ifungue chochote, na ujue ada ya kuegesha kwa siku ni ngapi na nani ataibeba.

Sheria ya Bima inaipa kampuni siku 90 tangu dai liliporipotiwa kulishughulikia na kulilipa. Muda ukipita, au mkishindwa kuelewana, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, ambayo ofisi zake ziko Upper Hill, ukiwa na nakala za barua zote. Kuna pia Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na ambayo sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Na usimsahau mwenye lori: kile ambacho bima yako haitakulipa, pamoja na sehemu uliyojibebea, unaweza kumdai yeye, mradi uifahamishe kampuni yako kwanza ili madai yenu yasigongane. Abstrakti ya polisi, yaani hati inayothibitisha kwamba ajali iliripotiwa kituoni, utaihitaji kila mahali, kwa hiyo itunze.

Swali: Nina Volkswagen Beetle ya mwaka 1968 ambayo huitoa mara chache tu, hasa kwenda maonyesho ya magari ya Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse. Kampuni tatu zimekataa kulikatia komprehensivu kwa sababu ya umri. Je, ni sheria? – *Msomaji, Karen*

Jibu: Si sheria. Kinacholazimishwa na sheria ni bima ya kuwalinda watu wengine, ile ya thadi pati. Ukomo wa umri, ambao mara nyingi ni miaka 12 au 15, ni uamuzi wa kila kampuni. Mtafute wakala anayefanya kazi na kampuni nyingi, nawe umpelekee ripoti ya uthamini, picha, matokeo ya waamuzi wa maonyesho, na maelezo ya mahali gari linapolala na kilomita linazotembea kwa mwaka. Omba thamani iliyokubaliwa iandikwe katika mkataba, na ipitiwe upya kila mwaka. Uliza pia, kwa maandishi, kama maonyesho yanaruhusiwa, kwa sababu mikataba mingi hukataa mashindano ya mbio, na usingependa kusikia siku ya hasara kwamba maonyesho nayo yamehesabiwa humo. Ukikosa kabisa, chukua angalau thadi pati yenye moto na wizi.

Swali: Je, nikitaja thamani ndogo ili nilipe ada ndogo, kuna ubaya? – *Msomaji, South B*

Jibu: Upo. Gari la 1,000,000 ukilikatia bima ya 600,000, kampuni yaweza kusema umejibebea asilimia 40 ya kila hasara. Matengenezo yakiwa 200,000, utalipwa 120,000, na hizo 80,000 zilizobaki utazitafuta mwenyewe. Kama tayari umefanya hivyo, iandikie kampuni wiki hii ili kiasi kirekebishwe, ulipe nyongeza ya ada, na usubiri wakupe karatasi mpya kabla hujalitoa gari barabarani.