Kabla ya Mkupuo, Piga Hesabu ya Mwezi

Tangu nistaafu ualimu, wenzangu waliobakiza miaka michache kazini huniuliza mkupuo wao, yaani sehemu ya mafao inayolipwa kwa mara moja mtu anapostaafu, utafika shilingi ngapi. Ni haki yao kuuliza, lakini mimi huwarudisha kwenye pensheni ya kila mwezi, kwa kuwa hiyo ndiyo itakayonunua unga na umeme wakati mkupuo umekwisha kuwa bati na saruji.

Hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu. Kwa mtumishi wa umma wa Tanzania aliye chini ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma ulioanza mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko ya awali ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF, huchukuliwa wastani wa mshahara wa mwaka kwa miaka mitatu iliyo bora ndani ya kumi ya mwisho, ukazidishwa kwa miezi aliyochangia, kisha ukagawanywa kwa 580. Mwenye wastani wa shilingi 1,200,000 kwa mwezi, yaani 14,400,000 kwa mwaka, aliyechangia miezi 360, hupata takriban shilingi 8,938,000 kwa mwaka. Kwa kiwango cha mkupuo cha asilimia 40 kilichotangazwa mwaka 2024 kutoka 33, asilimia 40 ya pensheni hiyo ya mwaka huzidishwa kwa 12.5, naye akapokea kama milioni 44.7; asilimia 60 inayobaki hugawanywa kwa 12, sawa na shilingi 447,000 hivi kila mwezi. Kelele zote za kikokotoo, yaani hiyo kanuni ya kukokotoa mafao, tulizozisikia zilihusu ile milioni 44, ilhali maisha yenyewe yamo katika hizi laki nne na ushee.

Ushauri wangu ni kwamba uanze kuishi kwa kiasi hicho ungali kazini, na tofauti yote uiweke mahali usipoigusa. Mimi na mwenzi wangu tulipofanya hivyo, chakula hakikutusumbua sana. Kilichotushinda ni kadi za michango ya harusi. Mwenye mshahara huahidi laki moja bila kusita, tena mbele ya kamati, lakini kwa pensheni ya 447,000 kadi mbili za namna hiyo ni karibu nusu ya mwezi. Tulikubaliana kiwango kimoja kwa kila kadi, awe ndugu au jirani, tukakitangaza mapema, na walionuna walinuna tukiwa bado na mshahara. Ukisubiri ustaafu ndipo upunguze, watu watasema umeficha mkupuo, maana katika mitaa yetu habari ya mafao hufika kabla ya mafao yenyewe.

Nyaraka nazo zisisubiri umri wa miaka 60. Tafuta barua ya ajira ya kwanza na ya kuthibitishwa kazini, hakikisha majina yanafanana hadi kwenye kitambulisho cha taifa, kisha omba taarifa ya michango yako na kuisoma mwezi kwa mwezi. Mwenzangu mmoja alikuta miezi ambayo mwajiri wake wa awali hakuwasilisha kitu, na kwa kuwa alikuwa bado na miaka mitatu kazini, alipata muda wa kuifuatilia.

Na yeyote atakayekupigia simu akijiita ofisa wa mfuko, akitaka utume chochote ili faili lako "lisogee", mkatie simu, kisha nenda mwenyewe ofisini ukaulize dirishani.