Usiwaulize wanafunzi nani kasema kweli

Nilipoanza kufundisha historia hapa Mbagala, niliwagawia kidato cha tatu karatasi mbili kuhusu Vita vya Majimaji, watu wa kusini walipoupinga utawala wa Wajerumani. Moja ilikuwa muhtasari wa maelezo ya gavana wa Kijerumani, von Götzen, nyingine masimulizi ya wazee wa Umatumbi, kule Kilwa. Nikauliza: "Ipi ya kweli?" Darasa zima likapaza sauti, "Ya wazee, mwalimu!" Hakuna aliyesoma hata mstari wa pili.

Kosa lilikuwa langu. Ukimuuliza mtoto nani kasema kweli, anachagua upande kama anavyochagua Simba au Yanga. Siku hizi nauliza mambo matatu tu: huyu alikuwa wapi, alisema lini, na alikuwa anamweleza nani?

Hapo ndipo karatasi zinapoanza kuzungumza. Götzen ndiye aliyekuwa gavana vita vilipozuka mwaka 1905, na kitabu chake kilitoka Ujerumani mwaka 1909. Alikuwa na la kujieleza kwa watu wa kwao. Wanafunzi wakishaligundua hilo, wanaelewa kwa nini mkazo wake uko kwa waganga na dawa ya maji iliyoaminiwa kuzuia risasi, wakati wazee wanarudia habari za kulimishwa pamba kwa nguvu. Lakini wazee nao waulizwe vilevile, hili nalisisitiza. Masimulizi yao mengi yalikusanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzia mwaka 1968, nchi ikiwa tayari huru na Majimaji ikihesabiwa kuwa mwanzo wa kupigania uhuru. Kuwauliza si kuwavunjia heshima.

Halafu naandika ubaoni namba mbili za waliokufa: 75,000, makadirio ya Wajerumani, na 250,000 hadi 300,000, makadirio ya mwanahistoria Gwassa. Naweka chaki chini, nanyamaza. Mabishano huanza yenyewe: nani alihesabu? Mashamba na maghala yalichomwa, njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Huko porini nani alikuwa na daftari? Waacheni wabishane kwa Kiswahili. Najua historia inafundishwa kwa Kiingereza, lakini mtoto anayetafuta neno la kigeni hana nafasi ya kutafuta hoja.

Kama darasa lina watoto sitini na ushei na hela ya fotokopi hakuna, aya mbili fupi ubaoni zinatosha.

Na tumieni nyumba zao. Mbagala imejaa watu wa Kilwa, Rufiji na Lindi. Mwaka jana binti mmoja alileta habari ya bibi yake: ukoo wao ulikimbilia msituni, ukaishi kwa ming'oko, vile viazi vya porini. Darasa lilitulia. Kisha mwenzake akanyoosha mkono: "Bibi yako alikuwepo?" Niliogopa yule binti ataumia. Badala yake akaenda kumuuliza bibi yake, kwa adabu zote, na kesho yake akarudi na mistari miwili chini ya ile ya kwanza: "Bibi hakuwepo. Aliambiwa na bibi yake, ambaye wakati huo alikuwa mtoto, akakumbuka njaa lakini hakuwaona Wajerumani."

Nilimwomba aisome tena, polepole, wenzake wainakili.