Chipu Haigandi

SWALI: Natafsiri makala kuhusu saketi za dijitali zinazoendesha kompyuta za kwanta zikiwa ndani ya jokofu la heliamu. Mimi nimeandika "saketi zilizogandishwa", mhariri wangu anataka "saketi baridi". Nani yuko sahihi?

JIBU: Hakuna, ila mhariri wako ana afadhali.

Hili "kugandisha" limenichosha. Waandishi wetu wakisikia baridi tu, wanagandisha. Hata akaunti za benki siku hizi zinagandishwa, kana kwamba kuzizuia hakutoshi! "Baridi" tulilipata kwa Waarabu, lakini "ganda" ni la Kibantu, letu wenyewe, kwa hiyo hatuna kisingizio. Kuganda ni majimaji kushikana yakawa kitu kigumu. Damu huganda, mafuta huganda, maji huganda yakawa barafu. Chipu ya silikoni imetoka kiwandani ikiwa ngumu, utaigandisha nini? Heliamu yenyewe, kwa shinikizo la kawaida la hewa, haigandi hata ukiishusha hadi karibu kabisa na nyuzi -273.15 za Selsiasi. Inabaki kimiminika. Basi kipozaji hakigandi, kinachopozwa hakigandi, na wewe umegandisha. Isitoshe, watu wakisema "kompyuta imeganda" wana maana imekwama. Msomaji wako atadhani mradi umefeli.

Na kazi ya wahandisi ni kinyume chake kabisa: saketi isikwame. Kyubiti nyingi, yaani vijenzi vya msingi vinavyobeba taarifa kwenye kompyuta ya kwanta, hukaa chini kabisa ya jokofu, kwenye milikelvini 10 hadi 20 hivi (kelvini huhesabiwa kuanzia hizo nyuzi -273.15, na milikelvini ni sehemu yake ya elfu), ambako jokofu huweza kuondoa joto la sehemu za milioni za wati tu. Chipu ya kuziendesha ikiwekwa hapo itaharibu kila kitu kwa joto lake. Hupandishwa ghorofa za juu, penye kelvini 4 hivi, ambako wati moja au zaidi kidogo huondoleka. Ndivyo ilivyosanifiwa chipu ya Horse Ridge ya kampuni ya Intel, iliyotangazwa 2019. Kwa njia hiyo nyaya za kutoka nje hupungua, maana kila waya huingia na joto lake.

Nikubali mahali pamoja. Kwenye baridi hiyo elektroni za ndani ya silikoni hung'ang'ania atomi za uchafu uliotiwa kwa makusudi, kama kupe ngozini. Hizo zimeganda kweli, na transista, yaani swichi ndogo ya saketi, hufanya kazi kwa sababu volteji ya lango lake (sehemu inayoiwasha na kuizima) huvuta elektroni nyingine. Ukiona lazima utumie neno lako, litumie hapo.

Kwa jina la kifaa, andika "saketi za kwenye baridi kali". "Saketi baridi" inataja hali ya sasa hivi, na saketi hizo zikiwa mezani zina joto kama meza. Tunataka jina la mahali pa kazi yake.

Halafu kelvini haina nyuzi. Mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo uliziondoa tangu 1967, kwa hiyo ni "kelvini 4", si "nyuzi 4 za Kelvin". Hilo hukuuliza, lakini nimeliona kwenye aya yako ya pili.