Mvua ikikata jana, leo usiingie korongoni

Juzi dogo mmoja wa hapa hapa Tanga kaniandikia, kaka nina kundi la watu 12 nataka niwapeleke kwa miguu Lushoto mpaka Mtae wikiendi hii, mvua imekata jana, njia iko poa? Meseji nimeisoma nipo barazani Ngamiani, chai ikanishinda. Maneno hayo hayo, mvua imekata, niliwahi kuyasema mimi, na kuna kijana anachechemea mpaka leo.

Mimi mtoto wa pwani, milima nimeijulia ukubwani, ila Usambara nimeongoza wageni miaka tisa na zile njia nazijua kama uchochoro wa kwetu. Mwaka wangu wa tatu, masika, tulitoka Rangwi asubuhi, ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo halafu ya tano jua likatoka kali mpaka mashamba yanafuka. Kwenye shamba la karoti tukamkuta mzee wa Kisambaa, tukampa shikamoo yake, akatuonyesha kwa fimbo ufa uliokata matuta, upana wa kidole, umepinda kama mundu, ndani umejaa maji. Akasema wajukuu zangu leo huko chini msipite, zungukeni kwa juu. Kuzunguka ni saa mbili zaidi, na ofisi iliyonituma ilishanionya nisichelewe gari Mtae. Niliogopa kufukuzwa kuliko nilivyouogopa ule ufa. Tukapita.

Mteremko ulivunjika kwa mlio kama tipa linamwaga kokoto. Kijana wetu wa mizigo alikuwa wa mwisho, matope yakamshika mpaka kiunoni na jiwe likamvunja mguu, tukamfukua kwa mikono na masufuria ya kupikia maana hata koleo hatukuwa nalo. Tukapokezana kumbeba mpaka barabarani. Ofisi ile ile iliyonikimbiza ikasema kosa ni langu peke yangu, na nauli ya kumpeleka hospitali hawakutoa. Hilo bado linaniuma, sitadanganya.

Usiku ule mgeni mmoja wa Austria akaniambia kwao inayoporomoka ni theluji, na siku ya kuogopa ni ile ya kwanza ya jua baada ya theluji nyingi, watu wanauona mlima umependeza wanaukimbilia, kumbe theluji mpya haijashikana na ya zamani iliyo chini yake. Miteremko mibaya ni ya nyuzi 30 mpaka 45, na mara nyingi anayeiporomosha ni huyo huyo aliyeikanyaga. Kila mmoja anabeba koleo lake, kwa sababu aliyefukiwa robo saa ikipita matumaini yanapungua sana. Nikanyamaza, naziangalia zile sufuria zetu zilizobonyea.

Udongo nao ndio hivyo hivyo dogo. Mvua ikikata maji hayajaondoka, bado yanazama, udongo unazidi uzito na huku chini unakosa mshiko. Usihesabu mawingu, hesabu siku zilizonyesha. Angalia nyufa, miti na nguzo zilizoanza kulala, na kijito kilichokuwa cheupe kikigeuka ghafla rangi ya chai ya maziwa, au kikipungua wakati mvua inanyesha, toka hapo haraka maana huko juu kimezibwa. Kambi usipige kwenye mdomo wa korongo hata kama pametandazika vizuri. Na mwenye shamba akikwambia usipite, usipite! Jamani si tuliona Katesh, Desemba 2023, mlima Hanang ulishusha matope na magogo, watu zaidi ya 80 wakafa, na hao walikuwa majumbani kwao. Sasa wewe unampeleka mtoto wa mtu huko kwa miguu yake kwa sababu kalipia?

Dogo kanijibu hela za watu ameshakula. Nimemwambia awahamishie mwezi wa saba, Lushoto baridi lakini njia kavu, nitapanda mwenyewe nitembee mbele yao na sitaki hata shilingi. Meseji ameisoma, hajajibu.